Kukusanya visu vya kukunja vyenye njumu za mbao ukiwa Mombasa: anza na mti

Wengi wakianza kukusanya visu vya kukunja wanaangalia jina lililopigwa kwenye chuma, mimi nakwambia angalia mti kwanza. Chuma kikishika kutu unakipiga msasa kinarudi, lakini njumu, yani vile vipande vya mbao vilivyopachikwa kwenye mpini, ikipasuka ndo imekwenda hiyo, na kwetu hapa na hii hewa ya bahari mbao haitulii hata siku moja.

Kwa hivyo kabla hujatoa pesa zoeza mkono. Nenda Changamwe kwa wachongaji wa Kikamba, ushirika wao uko tangu 1963, waombe mabaki ya mpingo uwalipe kitu kidogo. Kipande kitie kwenye beseni la maji, kinazama kama jiwe. Pembeni utaona ukanda mwembamba rangi ya siagi halafu ghafla weusi, na huo weusi ukiutoa juani una hudhurungi ndani yake. Kaa nacho mfukoni wiki nzima ukikishikashika. Baadaye mtu akikuletea kisu ati ni mpingo na kumbe ni mti mweupe umepakwa rangi ya viatu, vidole vitajua mapema, mrudishie kisu chake.

Sasa kisu chenyewe. Mimi vyangu vingi nimevitoa Kongowea kwenye mafungu ya vitu vya mtumba, unachambua vijiko na makufuli mpaka unakiona. Cha kwanza ni ukucha: upitishe taratibu pale mbao inapokutana na shaba, usikie kama unakwama. Ukikwama mbao imevimba au imesinyaa, na kisu kilichokaa bara kukavu kikishuka pwani mara nyingi kinavimba. Halafu zumu na kamera ya simu uangalie vinyweleo vya mti, mistari ya mti wa kweli haifanani upande huu na ule, ikifanana kabisa hiyo ni picha imebandikwa, na ukiona matabaka membamba yamepangana sawasawa jua ni vibao vilivyopakwa rangi vikagandishwa kwa gundi, si vibaya kwa kutumia lakini usilipe bei ya mti wa thamani. Mwisho kifungue, ukitikise chuma kushoto kulia kisicheze, kifunge usikie springi ikilia tap.

Kama mfuko hauruhusu anza na Opinel ya Ufaransa, wako tangu 1890. Mpini wa kile cha kawaida hauna njumu, ni mti mtupu, lakini ni mwalimu mzuri kwa sababu masika ikija mpini unavimba unabana chuma mpaka kisu hakifunguki, hapo ndo utaelewa nnachosema kuhusu hewa.

Kutunza ndo kazi kubwa. Nlikuwa na kimoja cha njumu ya mzeituni, nkakitia kwenye ala yake ya ngozi nkakifungia kwenye droo nyumbani Mji wa Kale, mvua zote zile sikukigusa, kukitoa chuma kimetapakaa madoa ya kutu na kipande kimoja cha njumu kimeinuka ncha moja kama ukucha uliong'oka. Niliumia sana wallahi. Ngozi inashika unyevu, ala weka kando. Kifungie kisu kwenye kopo la plastiki pamoja na vile vipakiti vya vidonge vinavyokuja na viatu vipya, na kila mwezi kitoe ukifute, chuma kwa mafuta ya cherehani, mbao kwa nta ya nyuki. Mafuta ya nazi usitie, yanavunda na yananata.

Kuhusu sheria, njumu za pembe ya ndovu usiguse hata kama unauziwa bei ya kutupa, Kenya utashtakiwa. Mpingo nao umo kwenye orodha ya pili ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2017, kisu kilichokamilika hakina shida kwa sababu bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mbao hiyo kwa kila mzigo zimesamehewa tangu 2019, ila vipande vibichi usimtumie rafiki yako ng'ambo bila kibali. Na ukisafiri na ndege kisu kiende kwenye mzigo wa chini.

Njumu ikishainuka usiikandamize na gundi papo hapo. Mpingo na ndugu zake wana mafuta yao ya asili, gundi haishiki. Itoe taratibu kwa ncha ya wembe, kwangua gundi kuukuu, futa mbao kwa asetoni pande zote, ingoje ikauke, ndo upake gundi ile ya kuchanganya tyubu mbili. Kama utapiga msasa ziba pua, vumbi la mpingo linawasha. Kisha zungushia ukanda wa tyubu ya baskeli ukivuta kwelikweli, kilale hivyo hadi kesho yake.