Ubao wa umeme na safari ya ndege: panga safari ya betri kwanza

Nafundisha ubao wa foili ya umeme, yaani ubao wa majini wenye mota, na chini yake mlingoti na mabawa yanayouinua juu ya maji, hapa Paje, Unguja. Wageni wa Desemba wakikaribia, simu haziishi: mtu kanunua ubao Ulaya, mwingine anarudi nyumbani kutoka Dubai na chombo chake, na wote swali lao ni moja, je, nitapanda nacho ndege? Ubao, utapanda nao. Mlingoti na mabawa pia. Betri yake kubwa, hapana. Lijue hilo kabla hujalipa tiketi, kwa sababu nimemwona mwanafunzi wangu akifika kaunta na betri ya kilo 14 kwenye begi. Aliiacha pale pale uwanjani, na hakuipata tena. Bei yake ingenunua pikipiki mpya.

Hatua ya 1: soma kibandiko cha betri

Tafuta volti (V) na ampea-saa (Ah), kisha zidisha. Jibu ni wati-saa, yaani Wh, na hiyo ndiyo namba ya kwanza ambayo watu wa ndege wanaitazama. Betri ya V 50 na Ah 40 ni Wh 2,000, na betri nyingi za foili ziko karibu na hapo. Kama kibandiko kimeandikwa mAh, gawanya kwa 1,000 kwanza. Kwa mfano, pawabenki ya mAh 20,000 yenye seli (vibetri vidogo vya ndani) za V 3.7 ni Wh 74.

Hatua ya 2: linganisha na mipaka

Betri ya lithiamu isiyozidi Wh 100 inaruhusiwa kwa abiria. Kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege likubali kwanza, na za akiba haziruhusiwi kuzidi mbili. Ikipita 160 haipandi na abiria, si kwenye begi la mkononi wala kwenye mzigo wa chini. Betri ya Wh 2,000 imeuzidi mpaka huo zaidi ya mara 12. Hata zile ndogo za Wh 800 zimeuzidi mara 5. Usimbembeleze mtu wa kaunta. Ruhusa hiyo hana. Viti vya magurudumu vya umeme vina kanuni zao, lakini ubao wa michezo haumo humo.

Wengine huniambia huu ni usumbufu tu. Sikubaliani nao hata kidogo. Seli moja ya lithiamu ikiharibika hupata joto, joto hilo likaiwasha ya jirani, na ile ya jirani ikaiwasha inayofuata. Gesi ya kuzimia moto iliyomo kwenye chumba cha mizigo huzima miali, lakini haizipozi seli. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 ilishika moto muda mfupi baada ya kuruka kutoka Dubai, ikiwa na betri nyingi za lithiamu kwenye shehena yake. Marubani wote wawili walifariki. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wangu wasijaribu kuficha betri katikati ya taulo.

Hatua ya 3: funga vile unavyosafiri navyo

Osha chumvi na mchanga, kausha, kisha acha chumba cha betri kikiwa kitupu. Ndani yake mimi hubandika karatasi, kwa Kiswahili na Kiingereza, inayosema betri haimo, na picha ya chumba kilicho wazi naiweka kwenye simu. Mkaguzi akiona nyaya na mota kwenye skana, ile karatasi hukuokolea nusu saa. Chaja isiyo na betri inaweza kwenda chini. Pampu yenye betri, pawabenki na betri zozote za akiba ziweke kwenye begi la mkononi, na ncha zake zifunike kwa tepu zisije zikapiga shoti. Rimoti nayo kaa nayo mkononi.

Hatua ya 4: itafutie betri njia yake

Njia ninayoipenda kuliko zote ni kukodi betri huko uendako. Uliza mapema, ukitaja modeli na toleo la ubao wako, kwa kuwa betri ya kampuni moja haiingii kwenye ubao wa kampuni nyingine.

Kama unauhamisha ubao kwa kudumu, betri itumwe kama shehena, kupitia wakala mwenye mafunzo ya bidhaa hatarishi. Ikienda peke yake inaitwa UN 3480, ambayo ni namba ya Umoja wa Mataifa ya kutambulisha bidhaa hatarishi. Tangu tarehe 1 Aprili 2016 hiyo haipakiwi kabisa kwenye ndege ya abiria. Inakwenda kwa ndege ya mizigo tu, ikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30. Ikifungwa pamoja na ubao inakuwa UN 3481, lakini usidhani umepata upenyo: kwenye ndege ya abiria kikomo ni kilo 5 za betri kwa kifurushi, na ile ya mwanafunzi wangu ilikuwa ya kilo 14.

Mwombe mtengenezaji muhtasari wa majaribio ya UN 38.3, yaani majaribio ya usalama wa betri za lithiamu safarini, kabla ya jambo jingine lolote, kwa kuwa bila huo wakala mzuri hataigusa. Kifungashio kilichothibitishwa, vibandiko na tamko la bidhaa hatarishi ataviandaa yeye. Betri iliyovimba, iliyopasuka au iliyoingia maji ya chumvi isisafirishwe kwa ndege. Meli ni nafuu zaidi, lakini hesabu wiki, na tamko la bidhaa hatarishi linahitajika huko pia.

Chaji ishushe kwa kuendesha ubao majini, kisha usiichaji tena. Isiishe kabisa, maana betri tupu ikikaa wiki kadhaa njiani seli zake huharibika.

Hatua ya 5: ipokee kwa uangalifu

Ikitoka forodhani ikague: uvimbe, nyufa, harufu kali, joto. Ukiona dalili mojawapo, usiichaji. Ikiwa salama, chaji ya kwanza ifanyie nje, juu ya saruji, ukiwa macho na ukiwa karibu. Huku kwetu nyumba nyingi za ufukweni zimeezekwa makuti, na makuti makavu hayahitaji zaidi ya cheche moja.