Ritani yako ya kodi ya Marekani imekataliwa? Namna ya kuirekebisha na kuituma tena

Umekaa saa mbili na W-2, fomu ya mshahara kutoka kwa mwajiri, mkononi, ukabonyeza kitufe cha kutuma, ukalala ukijua mwaka huu umemalizana na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Asubuhi unafungua barua pepe: ritani imekataliwa, na chini yake kuna msimbo wa herufi na tarakimu usioeleweka. Wengi wakifika hapa hukosea kwa njia mbili. Kuna anayeanza kubadilisha namba moja baada ya nyingine akibahatisha, na kuna anayefunga kompyuta na kungoja aandikiwe barua. Barua haiji. Ritani iliyokataliwa ni sawa na ritani ambayo haikutumwa kabisa.

Kukataliwa si ukaguzi, wala si adhabu. Hakuna mtu aliyeisoma ritani yako bado. Kilichotokea ni kwamba kompyuta imelinganisha vitu vichache, yaani jina, namba ya Hifadhi ya Jamii (SSN), mapato ya mwaka uliopita na majina ya wategemezi, ikaona kimojawapo hakifanani na kilichomo kwenye kumbukumbu zake. Ndiyo maana usijaze fomu 1040-X. Hiyo ni ya kusahihisha ritani iliyokwisha kukubaliwa. Hapa unarekebisha ileile uliyoijaza na kuituma tena kutoka kwenye programu ileile.

Kabla ya kugusa chochote, angalia tarehe

Ritani ya mapato ya mtu binafsi mwisho wake ni Aprili 15. Siku hiyo ikiangukia wikendi au sikukuu, inasogezwa hadi siku ya kazi inayofuata. Ikiwa ulituma ndani ya muda na ukakataliwa, una siku 5 za kalenda za kurekebisha na kutuma tena kwa mtandao, na utahesabiwa umewahi. Mtandao ukishindikana kabisa, una siku 10 tangu ulipoarifiwa kupeleka ritani ya karatasi, ukiambatisha nakala ya taarifa ya kukataliwa na maelezo mafupi ya kwa nini unachelewa.

Siku hizo ni za kutuma, si za kulipa. Kama unadaiwa, lipa kabla ya Aprili 15 moja kwa moja kupitia tovuti ya IRS, hata kama programu bado inakusumbua. Malipo hayangoji ritani. Na kama unaona hutamaliza, fomu 4868 inakupa hadi Oktoba 15 ya kuwasilisha, lakini nayo haisogezi siku ya kulipa. Huna pesa? Wasilisha vilevile. Faini ya kutowasilisha ni asilimia 5 ya kodi unayodaiwa kwa kila mwezi, ilhali ya kutolipa ni nusu ya asilimia 1 tu kwa mwezi. Watu hukaa kimya kwa kuwa hawana hela, na ukimya ndio unaowagharimu.

Hakikisha pia kwamba kweli umekataliwa. Programu ikisema imetuma, maana yake imetuma tu. Jibu la IRS, Accepted au Rejected, kwa kawaida huja ndani ya saa 24 hadi 48. Nimewahi kumsaidia ndugu aliyekuwa ameituma ritani ileile mara mbili kwa programu mbili tofauti, kwa sababu ya kwanza ilikuwa "kimya". Ya kwanza ikakubaliwa, ya pili ikakataliwa, naye akashinda siku nzima akihangaika na tatizo ambalo halikuwepo.

Msimbo IND-031-04: mapato ya mwaka jana

Huu ndio unaowaangusha wengi. Unapotuma kwa mtandao, IRS inataka kujua kwamba ni wewe, na njia yake ya kawaida ni kukuuliza AGI ya mwaka uliopita, yaani jumla ya mapato yako baada ya makato machache ya awali. Ukiandika tofauti hata kwa dola moja, inakataa. Ya mwenzi wako ikiwa ndiyo mbovu, msimbo ni IND-032-04.

Kosa kubwa hapa ni kwenda kubadilisha mapato ya mwaka huu. Usiyaguse. Tafuta ndani ya programu ile sehemu ya mwisho kabla ya kutuma, ambako unatia sahihi, ndipo AGI ya mwaka jana inapoandikwa. Mara nyingi programu imeijaza yenyewe kutoka kwenye kumbukumbu za zamani, na imejaza vibaya.

AGI halisi utaipata kwenye nakala ya ritani yako. Katika fomu 1040, yaani ritani yenyewe ya kawaida, za mwaka 2020 hadi 2024 ipo mstari wa 11. Huna nakala? Fungua akaunti yako kwenye tovuti ya IRS na upakue transkripti, yaani muhtasari wa ritani yako ulio kwenye kumbukumbu zao. Kisha angalia kama wewe ni mmoja wa hawa:

- Uliwasilisha mwaka jana ukiwa umechelewa sana, au ritani yako ya mwaka jana haijamaliza kushughulikiwa: andika 0.
- Hukuwasilisha kabisa mwaka jana, au hii ndiyo ritani yako ya kwanza na umeshapita miaka 16: andika 0. Sifuri yenyewe, si kuacha wazi.
- Ulisahihisha ritani ya mwaka jana kwa 1040-X: tumia AGI ya ritani ya awali, si ya masahihisho.
- Mliwasilisha pamoja kama mume na mke: kila mmoja anaandika jumla ileile nzima. Msiigawe nusu kwa nusu.

Misimbo ya majina

R0000-500-01 inasema jina lako na SSN haviendani. Hapa sisi wenye majina ya Kiafrika tuna shida zetu. Kompyuta ya IRS haisomi jina zima. Inachukua herufi 4 za kwanza za jina la ukoo na kuzilinganisha na kumbukumbu za Hifadhi ya Jamii. Kwa hiyo swali si jina lako ni lipi nyumbani, ni lipi limehesabiwa kuwa la ukoo siku ulipoomba kadi.

Mtu mwenye majina matatu, lake, la baba na la babu, mara nyingi anakuta kadi imeweka mawili ya mwisho kama ukoo. Ukijaza la mwisho pekee, herufi 4 hazilingani. Majina yenye ritifaa kama Ng'ang'a huandikwa bila ritifaa: Nganga. Na usidhani pasipoti ndiyo mwamuzi. Chukua kadi ya SSN yenyewe, ifuate herufi kwa herufi, hata kama imekosea. Ukitaka kulisahihisha jina, au umeolewa na kubadilisha, unaanzia ofisi ya Hifadhi ya Jamii kwa fomu SS-5. IRS itafuata baadaye. Kwa mwaka huu tumia jina lililomo kwenye kadi.

R0000-503-02 ni shida ileile kwa mwenzi wako, na R0000-504-02 ni kwa mtegemezi. Watoto waliozaliwa hapa Marekani na kupewa ukoo wa mama huku baba akijaza ukoo wake mwenyewe kwa mazoea, hao ndio huleta huo wa mwisho.

Wenye ITIN, namba ya kodi ya wasio na SSN, inayoanza na 9, waangalie jambo moja zaidi: isipotumika kwenye ritani yoyote kwa miaka 3 mfululizo, inakufa Desemba 31 ya mwaka wa tatu. Unaihuisha kwa fomu W-7.

Mtegemezi ameshatumiwa na mwingine, au SSN yako imeshatumika

R0000-507-01 maana yake kuna mtu ameshamwandika mtoto huyo kwenye ritani yake. Mara nyingi si mwizi. Ni mzazi mwenzako, au bibi anayeishi na mtoto, au kijana mwenyewe aliyefanya kibarua na kusahau kuweka alama kwamba kuna anayeweza kumdai kama mtegemezi. Piga simu nyumbani kwanza.

R0000-902-01 ni nzito zaidi: kuna ritani imeshapokelewa kwa SSN yako. Kama si wewe uliyetuma mara mbili, na si fundi wako wa kodi, basi kuna aliyeiba utambulisho wako. Jaza fomu 14039 ya kuarifu wizi huo, na uipeleke ritani yako kwa karatasi.

Omba IP PIN, hata kama hujaibiwa

Kama ningepewa nafasi ya kumwambia mtu jambo moja tu kuhusu kodi za hapa, ni hili. IP PIN ni namba ya tarakimu 6 ambayo IRS inakupa wewe peke yako, na tangu 2021 mtu yeyote mwenye SSN au ITIN anaweza kuiomba. Ukiwa nayo, hakuna anayeweza kutuma ritani ya mtandao kwa namba yako bila kuijua. Zaidi ya hapo, inathibitisha utambulisho wako badala ya AGI ya mwaka jana, kwa hiyo ule msimbo wa 031 unaondoka wenyewe. Na tangu msimu wa 2025, ukiwa umejaza IP PIN yako, IRS inaipokea ritani ya mtandao hata kama mtegemezi wako ameshaandikwa kwingine. Hilo halimalizi mabishano ya nani mwenye haki, wote wawili mnaweza kuandikiwa barua, ila hulazimiki tena kutuma ritani ya karatasi kwa posta.

Kuomba kwenyewe ni hivi. Ingia kwenye tovuti ya IRS na ufungue akaunti yako. Utathibitishwa kupitia ID.me: unapiga picha ya kitambulisho, unapiga picha ya uso wako kwa simu, na picha zikigoma unaweza kuzungumza na mtu kwa video. Kaa kwenye mwanga, futa kamera. Ukishaingia, nenda kwenye sehemu ya wasifu, utaona mahali pa IP PIN. Inaonekana papo hapo. Iandike kwenye programu mahali palipoandikwa IP PIN, si kwenye ile PIN ya tarakimu 5 unayojitungia ya kutia sahihi. Watu huzichanganya hizi mbili kila mwaka.

Njia ya mtandao ikikushinda, kuna fomu 15227 kwa wenye mapato yasiyozidi kiwango kilichowekwa, au unaweka miadi katika ofisi ya IRS inayohudumia walipakodi na kwenda na vitambulisho viwili. Namba itakuja kwa posta.

Kumbuka kwamba inabadilika kila Januari. Ukiwa nayo kisha usiijaze, au ujaze ya mwaka jana, ritani inakataliwa. IND-181-01 ndio msimbo wa aliyeiacha wazi.

Bima ya sokoni

F8962-070 inawapata walionunua bima ya afya kupitia soko la serikali, au ambao mtu wa familia yao anayo. IRS inataka fomu 8962, ya kuhesabu ruzuku ya bima hiyo, na ili kuijaza unahitaji 1095-A, taarifa ya bima yako kutoka kwenye soko hilo. Ipakue kwenye akaunti ya bima, ijaze, tuma tena. Basi.

Programu yenyewe ikileta ukaidi

Kabla ya kuilaumu, isasishe. Mwanzoni mwa msimu fomu kadhaa huwa bado hazijakamilishwa, na programu itakataa kutuma hadi zitoke. Ya kwenye kivinjari ikiganda, ifungue kwenye kivinjari kingine bila viongezi (extensions).

Ukiingiza W-2 kwa picha, ipitie tena kwa macho. Programu husoma 8 kama 3, na EIN, namba ya utambulisho ya mwajiri, tarakimu 9 zilizo kwenye kisanduku b, ikikosewa ritani inarudi. Usiichanganye na namba ya jimbo ya kisanduku 15. Na usishtuke kuona kisanduku 1 kina kiasi kidogo kuliko kisanduku 3: kama unaweka akiba ya uzeeni kazini, ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Wanafunzi wa viza ya F-1 wanisikilize kidogo. Katika miaka 5 ya kalenda ya kwanza, kwa kawaida wewe si mkaazi kwa macho ya kodi, na fomu yako ni 1040-NR, pamoja na 8843. Programu nyingi maarufu hazina fomu hiyo. Zitakujazia 1040 ya kawaida, itakubaliwa bila shida, utapewa marejesho usiyostahili, na utalazimika kuyarudisha kwa 1040-X. Tafuta programu ya wasio wakaazi; chuo chako huenda kinakulipia.

Ukishakubaliwa

Marejesho mengi hutoka ndani ya siku 21. Ukurasa wa kufuatilia marejesho unaanza kuonyesha habari zako saa 24 baada ya ritani kupokelewa kwa mtandao, na wiki 4 baada ya ile ya karatasi. Barua ya posta yenye namba 5071C ikija, usiitupe: inakutaka uthibitishe utambulisho, na marejesho hayatoki mpaka ufanye hivyo. Barua pepe au ujumbe wa simu unaodai kutoka IRS na kukutaka ubonyeze kiungo, huo futa; IRS huanza kwa barua ya posta.

Pakua PDF ya ritani nzima pamoja na taarifa ya kukubaliwa, na uiweke mahali pasipotegemea programu uliyoilipia mwaka huu. AGI utakayoulizwa mwakani imo humo.