Somo: bustani ya kipupwe kwa kufuata mwezi (watu wa Dar)

Nimechoka kujibu inboksi mmoja mmoja "mama nipande lini", naandika mara moja tu. Hapa naongelea Juni mpaka Agosti, masika imeshapita, kusi inavuma.

1. Mwezi ukiandama, tifua tuta.

2. Mwezi wa siku 3 hadi 13 panda vya majani na matunda: mchicha, chainizi, bamia, na nyanya hamisha miche jioni. Mbegu ya mchicha changanya na mchanga mkavu isirundikane.

3. Samadi. Hapa tulieni. Mwaka juzi nilinunua ya kuku ikiwa bado mbichi, ukiingiza mkono kwenye kiroba unasikia joto na harufu inachoma macho, ila mwezi ulikuwa umeshafika siku ya 12 nikaogopa kupitwa, nikaimwaga tutani na jioni ileile nikahamishia miche 60 ya nyanya. Siku ya tatu majani yamekauka pembeni kama yamepitishwa kwenye jiko, wiki haijaisha imekufa yote. Samadi ya kuku irundike, imwagie maji, funika, geuza kila wiki, miezi miwili, mpaka iwe nyeusi na inukie udongo. Haijaiva? ACHA mwezi upite, siku 29 au 30 unaandama mwingine, mche ulioungua haurudi.

4. Mwezi ukianza kupungua: viazi vitamu, kupogoa, palizi.

5. Tandaza nyasi kavu, kusi inakausha udongo haraka sana.

MASWALI

Mpenda Bustani: Mama mchicha napanda lini?
– Namba 2.

Kijana wa Chanika: Samadi yangu ina wiki moja, si inatosha? Nina haraka.
– Haitoshi. Nimeandika aya nzima, isome mpaka mwisho.

Binti Kigamboni: Shikamoo mama. Hivi mwezi unavuta maji ya kwenye udongo kama unavyovuta bahari siku za bamvua?
– Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri. Bahari inaonyesha kwa vile ni kubwa mno, kwenye tuta au ndoo huoni kitu. Mi haya niliyakuta kwa bibi na faida yake naiona hivi: mwezi unaokua jioni unaukuta juu tayari, ukitoka kazini unahamisha miche kwa mwanga wake na usiku mzima inatulia kabla jua halijaikuta, ukishapungua unachelewa kutoka. Halafu kila mwandamo natupia tuta moja la mchicha, wiki 3 hadi 4 navuna, sikosi mboga.

Binti Kigamboni: Nimeelewa! Kisima chetu kina chumvi lakini, maharage yamedumaa.
– Maharage na karoti havipatani na chumvi, achana navyo. Weka spinachi, yenyewe inavumilia.

Mzee wa Bamia: Na kanitangaze, wale viwavi wa kwenye nyanya?
– Kagua chini ya majani kila asubuhi kaka, lenye michirizi chuma ulifukie mbali na bustani, usilidondoshe hapohapo.

Binti Kigamboni: Spinachi nanunua mbegu au miche?
– Usinunue, yangu imezidi kitaluni. Njoo Jumamosi jioni na kopo.