Acha kumburuza kasa: vitufe vya kusahihisha amri kwenye bash

Kijana wa fildi alikuwa kwenye kiti changu, mimi nimesimama nyuma yake na kikombe cha chai. Ameandika amri ndefu, kidole kinakaribia Enter, ndipo akaona kakosea mwanzoni kabisa:

tra -czf /hifadhi/mahindi-julai.tar.gz /home/ghala/mizani/julai

Akashika mshale wa kushoto. Akabonyeza, akabonyeza, akabonyeza. Amri ile ina herufi 63 ukihesabu na nafasi, kwa hiyo kurudi mpaka kwenye ile "a" ya tra ni mibonyezo 61. Kile kijimstari kinachowakawaka tunakiita kasa, na asubuhi ile jina lilikikaa sawasawa: kilitambaa kama kasa aliyetoka majini kwenda kutaga.

"Kwani kuna njia nyingine, madam?"

Ipo, na naiandika hapa kwa sababu kila mwaka naletewa vijana wapya wa fildi na kila mwaka narudia somo lilelile. Nikisema bash nina maana ya ile programu inayopokea amri zako kwenye terminali ya Linux, lile dirisha la kuandikia amri. Wapo wanaoiita sheli. Mimi niliacha neno hilo siku nilipomwambia binti mmoja "fungua sheli", akaniuliza, ya hapa Area C au ile ya njia ya Singida?

Anza na viwili: shikilia Ctrl, gusa A, umefika mwanzo wa mstari. Ctrl na E, umefika mwisho. Kijana wetu angebonyeza Ctrl-A, kisha Ctrl-F mara mbili ili kasa isogee mbele ikae juu ya "a", kisha Ctrl-T, ambayo hubadilishanisha herufi iliyo kwenye kasa na ile iliyo nyuma yake. Tra inakuwa tar, amri ya kufungasha mafaili kuwa faili moja. Mibonyezo minne. Halafu, na hili wengi hawalijui, anabonyeza Enter palepale alipo. Si lazima urudi mwisho wa mstari ndipo uitume amri. Bash inachukua mstari mzima hata kasa ikiwa katikati.

Ukikaa ofisini na kompyuta iko mezani kwako, utaniambia mshale nao unafika tu. Njoo Kibaigwa msimu wa mahindi. Nina mteja mwenye ghala pale, rekodi zake za mizani ziko kwenye seva iliyo Dar es Salaam, na mimi naingia kwa ssh, njia ya kuendesha kompyuta ya mbali kwa amri, kupitia intaneti ya simu yangu. Kila kitufe ninachobonyeza kinasafiri mpaka kwenye seva ndipo kirudi kuonekana kwenye kioo. Mtandao ukilemewa, unashikilia mshale, huoni kitu kinachosogea, unazidi kushikilia, halafu kasa inaruka ghafla na kupitiliza. Unarudi mbele, nako unapitiliza. Mshale mmoja wa kushoto ni baiti tatu zinazotumwa, mara 61. Ctrl-A ni baiti moja tu, yenye thamani ya 1, kwa kuwa A ni herufi ya kwanza; Ctrl-E ni 5, kwa hesabu hiyohiyo.

Hesabu hiyo iliniokoa kwa jambo jingine. Wenyeji wa Dodoma mnalijua vumbi letu la kiangazi, upepo wa Julai mpaka Oktoba unaoingia hata dirisha likiwa limefungwa. Laptop yangu ya zamani ilikufa kitufe cha Tab, kisha mshale wa juu, kisha Enter ikawa inakubali pale inapotaka. Niliitumia hivyohivyo miezi kadhaa. Tab kwa kompyuta ni baiti namba 9, na I ni herufi ya tisa: Ctrl-I inamalizia majina ya mafaili kama Tab. Enter ni 13, M ni ya kumi na tatu: Ctrl-M. Ctrl-H hufuta herufi moja kurudi nyuma. Mshale wa juu, yaani amri iliyopita, ni Ctrl-P. Wa chini ni Ctrl-N. Wa kushoto Ctrl-B. Fundi wa pale Majengo alipokuja kuibadilisha kibodi aliniuliza nimewezaje kufanya kazi muda wote huo. Nikamwambia alfabeti.

Sasa kusogea kwa neno zima. Alt-B inarudi nyuma neno moja, Alt-F inakwenda mbele neno moja. Kwenye baadhi ya terminali za Linux, Alt-F inafungua menyu badala ya kusogeza kasa, na watu wengi hukata tamaa hapo. Usihangaike. Gusa Esc, uachie, kisha gusa F. Kwa bash ni kitu kilekile, kwa sababu Alt-F kwa kawaida hutumwa kama Esc ikifuatwa na f.

Kufuta ndiko kwenye utamu. Ctrl-W inafuta kurudi nyuma mpaka kwenye nafasi. Kasa ikiwa mwisho wa amri yetu ya tar, Ctrl-W moja inaondoka na /home/ghala/mizani/julai yote. Ulitaka kubadilisha mwezi tu? Tumia Alt-Backspace: hiyo inasimama kwenye mkwaju (/), inafuta julai na kukuachia /home/ghala/mizani/ ikisubiri mwezi mwingine. Tofauti hii ndogo ndiyo ninayoitumia kuliko zote kwa siku. Alt-D inafuta neno lililo mbele ya kasa. Ctrl-K inafuta kuanzia kasa mpaka mwisho, Ctrl-U kuanzia kasa mpaka mwanzo. Wenye Mac waangalie: tangu 2019 mashine zao mpya huja na zsh, programu nyingine ya kupokea amri, na huko Ctrl-U inafuta mstari wote. Na kama unatumia terminali iliyo ndani ya kivinjari, usiguse Ctrl-W. Kivinjari kitafunga kichupo chote, amri na kazi yako ndani yake.

Lakini kilichofutwa kwa vitufe hivi hakijatupwa. Kimewekwa pembeni, na Ctrl-Y inakirudisha pale kasa ilipo. Mfano wa kila siku: umeandika nusu ya amri ndefu, ghafla huna uhakika jina la folda. Vijana hufuta yote au hufungua dirisha la pili. Wewe ukiwa mwisho wa mstari bonyeza Ctrl-U, mstari uwe mtupu, andika ls (amri ya kuorodhesha mafaili), tazama, kisha Ctrl-Y. Amri yako imerudi nzima. Ukibonyeza Ctrl-W mara tatu mfululizo, Ctrl-Y moja inarudisha vipande vyote vitatu kwa mpangilio wake. Ukirudishiwa kipande usichokitaka, Alt-Y papo hapo itakuletea cha kabla yake. Na ukiharibu kabisa, Ctrl pamoja na mstari wa chini, ule wa Shift na kistari, inatengua hatua moja moja.

Ctrl-U hiyohiyo inafanya kazi hata unapoandika neno la siri la sudo, amri ya kufanya kazi kwa mamlaka ya msimamizi. Huoni unachoandika, umehisi umekosea, futa yote uanze upya badala ya kubahatisha Backspace.

Sasa niwaambie nilivyoumbuka. Mwezi wa Agosti ulipokwisha nilitaka kurudia ileile amri ya Julai kwa ghala la Kibaigwa. Nikaiita kwa mshale wa juu, nikaiendesha kwa majaribio, kisha nikaona nitumie njia ya mkato niliyojivunia:

^julai^agosti

Maana yake: chukua amri iliyopita, badilisha julai iwe agosti, endesha. Ikaendesha bila kulalamika. Wiki mbili baadaye mhasibu wa ghala akanipigia: "Dada, faili la Agosti lina tiketi za mizani za Julai." Nikabisha. Nikalifungua mwenyewe, kweli. Njia ile ya kofia (^) hubadilisha neno mara ya kwanza tu linapotokea. Jina la kifurushi lilibadilika likawa mahindi-agosti.tar.gz, lakini folda ya kuchukulia, kule mwisho wa mstari, ilibaki julai. Bahati yangu folda ya Agosti ilikuwa bado haijafutwa. Amri niliyopaswa kuandika ni hii, inayobadilisha kila mahali:

!!:gs/julai/agosti/

Tangu siku hiyo kila seva ninayoishika naiwekea mstari huu kwenye ~/.bashrc, faili ambalo bash hulisoma kila inapoanza:

shopt -s histverify

Kwa huo, ukitumia njia za mkato za alama ya mshangao au kofia, bash haiendeshi moja kwa moja. Inakuandikia amri iliyokamilika uisome, uisahihishe ukitaka, kisha ubonyeze Enter mara ya pili. Ni sekunde moja. Ningekuwa nayo, ningeona julai imekaa pale mwisho inanitazama.

Kwa hofu hiyohiyo nina tabia nyingine. Nikiwa naandika amri ya kufuta mafaili, rm na wenzake, naanza na alama ya reli, #, ndipo naandika amri. Mstari unaoanza na reli bash inauchukulia kama maelezo tu, kwa hiyo hata paka akirukia kibodi hakuna kitakachofutika. Nikisharidhika: Ctrl-A, Ctrl-D kuifuta reli, Enter. Ukiwa na amri ambayo hutaki kuiendesha sasa lakini hutaki kuipoteza, Alt-# inaweka reli mbele na kuihifadhi kwenye historia kwa mpigo mmoja. Ila angalia Ctrl-D: kwenye mstari mtupu inafunga terminali nzima.

Historia yenyewe usiipekue kwa mshale wa juu. Ctrl-R, kisha andika kipande chochote unachokikumbuka, tuseme mizani. Inakuja amri ya karibuni yenye neno hilo. Ctrl-R tena, ya nyuma yake. Ukiipata, usikimbilie Enter, maana itaendeshwa hapohapo. Bonyeza Ctrl-E, amri itatua kwenye mstari wako uisome kwanza. Umeghairi? Ctrl-G.

Ukipitiliza kwenye Ctrl-R utataka kurudi, na kitufe cha kurudi ni Ctrl-S, nacho ndicho kilichomfanya kijana mmoja azime kompyuta kwa kushikilia kitufe cha umeme. "Madam, imeganda." Haikuganda. Tangu enzi za mashine za kuchapa kwa waya, Ctrl-S ina maana ya "simama usilete maandishi", na terminali nyingi bado zinaitii kabla bash haijapata nafasi ya kuiona. Dawa ni Ctrl-Q, kila kitu kinaendelea. Ukitaka Ctrl-S ifanye kazi ya historia, ongeza stty -ixon kwenye ~/.bashrc.

Alt na nukta: inakuletea neno la mwisho la amri iliyopita. Umeunda folda kwa mkdir /hifadhi/alizeti/2025, sasa ili uingie humo andika cd, nafasi, Alt-nukta. Ukiibonyeza tena inarudi kwenye amri ya nyuma zaidi.

Amri ikiwa ndefu kiasi cha kukatika mistari mitatu kwenye kioo, bonyeza Ctrl-X kisha Ctrl-E. Itafunguka ndani ya kihariri ulichokichagua (mimi nimeweka export EDITOR=nano, wapenzi wa vim mnisamehe). Ukihifadhi na kutoka, amri inaendeshwa papo hapo bila kukuuliza. Ukibadili nia, futa maandishi yote na uhifadhi faili tupu ndipo utoke.

Vitufe hivi havikubuniwa kwa ajili ya bash peke yake. Viko kwenye maktaba iitwayo Readline, iliyoanzishwa na Brian Fox, mwandishi wa bash ya kwanza ya 1989, naye alifuata desturi ya kihariri cha Emacs. Ndiyo maana ukiingia kwenye psql, programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, utavikuta vilevile. Mpangilio wake unakaa kwenye faili la ~/.inputrc. Langu lina mistari mitatu tu:

"\e[A": history-search-backward
"\e[B": history-search-forward
set completion-ignore-case on

Miwili ya kwanza inaufanya mshale wa juu uwe na akili: andika tar, kisha mshale, unaletewa amri zinazoanza na tar peke yake. Wa tatu unaifanya Tab isijali herufi kubwa na ndogo. Hifadhi, kisha Ctrl-X ikifuatwa na Ctrl-R inalisoma faili upya bila kufungua terminali nyingine.

Na kama huna kompyuta kabisa, Termux, programu ya terminali kwenye simu ya Android, inakubali haya yote. Kitufe cha kupunguza sauti ndicho Ctrl yako: kishikilie, gusa A kwenye kioo, uko mwanzo wa mstari. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye basi natoka Kondoa, mteja analia seva imejaa, nikawa natafuta amri ya kusafisha kwa kupunguza sauti na R, kupunguza sauti na R. Mama wa kiti cha pili akanigusa bega. "Mwanangu, hiyo simu mbona haina sauti tangu tuondoke, unapunguza nini?"