Somo: Kusoma namba za hitilafu kwenye AC ya vyumba vingi

Somo hili ni la wenye mashine moja ya nje inayopoza vyumba viwili, vitatu au zaidi. Mfumo huu unapendwa kwenye maghorofa kwa sababu veranda haina nafasi ya kupanga mashine nne. Ubaya wake ni kwamba kitu kimoja kikiharibika nje, nyumba nzima inalala na joto, na kaskazi ya Mombasa haimhurumii mgonjwa wala mtoto mchanga. Ndiyo maana nataka mjue kusoma namba kabla hamjatoa pesa. Namba haisemi kifaa gani kibadilishwe. Inasema mashine imehisi nini, basi. Nimeona bodi ya nje, tena ya bei ghali, ikitolewa na kutupwa, kumbe ubaya ulikuwa kwenye kiungo cha waya ukutani.

Soma namba kabla ya kuzima umeme, kwani mifumo mingine hufuta kumbukumbu ikizimwa. Kwa Daikin nyingi za rimoti ya mkononi, elekeza rimoti kwenye yuniti, shikilia kitufe cha Cancel kwa sekunde 5 hivi mpaka 00 ianze kupepesa, kisha kibonyeze tena na tena. Namba zitapita moja moja kwa mlio mfupi. Ile itakayotoa mlio mrefu ndiyo yako. LG huonyesha CH na tarakimu mbili. Zile za kupepesa taa tu, zirekodi kwa video ya simu uhesabu kwa utulivu, halafu fungua kitabu cha modeli hiyo hiyo. Msichanganye kampuni: E6 kwenye Gree ni mawasiliano kati ya ndani na nje yamekatika, E6 kwenye Daikin ni kompresa, yaani pampu ya gesi, imeshindwa kuzunguka. Herufi ni zile zile, lakini kazi na gharama ni mbali kabisa.

Hatua ya pili ndiyo muhimu kuliko zote: je, ni chumba kimoja au vyote? Washa chumba kimoja kimoja, uandike kila kimoja kinaonyesha nini. Vyumba vyote vikitoa namba moja, tafuta vitu ambavyo vyumba vyote vinashirikiana: umeme wa mashine ya nje, bodi yake, feni yake, kompresa, gesi. Kikiwa kimoja tu na vingine vinapoza, mashine ya nje kwa kawaida ni nzima, na ubaya uko kwenye waya wa chumba hicho, sensa zake, feni yake, au vali yake kule nje. Fundi akikwambia kompresa imekufa huku chumba cha pili kinapoza vizuri, muulize hiyo baridi inatoka wapi.

Kisha kagua vitu visivyo na gharama. Filta zimeziba? Kuna magunia au nguo zimeegemea mashine ya nje? Swichi ya nje imewashwa? Na rimoti zote ziko upande wa baridi? Mashine moja ya nje haiwezi kupoza chumba kimoja na kupasha joto kingine kwa wakati mmoja, isipokuwa mifumo mikubwa iliyoundwa hivyo. Chumba kilichotangulia kuwaka kwa kawaida ndicho kinachoamua, kingine kinasubiri huku taa inapepesa. Hiyo si hitilafu.

Sasa zima swichi kuu ya AC, subiri dakika 10, washa tena. Kompresa huchelewa kama dakika 3 kuanza, kwa hivyo usiwe na haraka. Angalia namba inarudi lini. Ikirudi papo hapo, mara nyingi ni sensa au waya. Ikirudi baada ya nusu saa ya kazi, fikiria joto, gesi, uchafu kwenye koili au feni inayochoka. Mwambie fundi jambo hili mapema, litamwokolea saa nzima ya kupima.

Mawasiliano, yaani U4 ya Daikin au CH05 ya LG, ndiyo namba ninayokutana nayo zaidi hapa pwani. Nyaya kati ya nje na ndani huwa nne: mbili za umeme, moja ya mawasiliano na ethi. Ule wa mawasiliano haupendi viungo. Waya ulipopelea, mtu aliunganisha kwa kusokota na tepu, akaufungia pamoja na bomba. Ukifungua tepu hiyo baada ya miaka michache ya hewa ya chumvi unakuta shaba imegeuka unga wa kijani, na ukiivuta kidogo tu inakatika. Dawa ni waya mmoja mzima usio na kiungo kutoka nje hadi ndani.

Sensa ni rahisi. Ni kifaa kidogo ambacho ukinzani wake hushuka joto likipanda. Kwenye nyuzi 25 zingine husoma kilo-om 10, za Daikin 20. Hapa mfumo wa vyumba vingi unatusaidia: kama yuniti mbili za ndani ni modeli moja, zima umeme, chomoa sensa zote mbili, pima moja ulinganishe na nyingine. Inayosoma mbali na mwenzake, au isiyosoma kabisa, umeshaipata.

U2 ya Daikin ni umeme umeshuka au umepanda mno. Stima yetu ni volti 240. Pima saa ile inayosumbua, si saa nne asubuhi. Na kwa kuwa mifumo mingi ya aina hii huingiza umeme kwenye mashine ya nje, kilinda umeme ulichochomeka karibu na yuniti ya ndani hakilindi kitu.

Mabomba na nyaya kupishana ni hitilafu ya mafundi, na hutokea AC ikiwa mpya au imetoka kufanyiwa kazi. Unawasha chumba cha mama hakipoi, huku chumba cha watoto kilichozimwa kinaganda barafu na kudondosha maji ukutani. Waya wa chumba A umefungwa kwenye mlango wa bomba la chumba B. Washa chumba kimoja pekee ushike mabomba kule nje. Yanayopoa yanapaswa kuwa ya chumba hicho.

Mwenye nyumba aishie kwenye kifuniko cha mashine ya nje. Ndani yake kuna kapasita zinazobaki na zaidi ya volti 300 hata swichi ikiwa imezimwa. Hapo pana mauti, mwachieni fundi mwenye mita.

Maswali

Dada wa Tudor: Assalaam aleikum fundi. Ya sebuleni inapepesa taa na haitoi baridi, ya chumbani ni sawa. Hakuna namba yoyote.
Jibu: Waaleikum salaam dadangu. Angalia rimoti zote mbili. Ikiwa moja ina alama ya jua, hapo ndipo penye tatizo. Watoto hubonyeza bila kujua. Ziweke zote kwenye alama ya theluji, zima, kisha washa upya.

Kaka wa Kizingo: Mimi U4 hutokea mvua ikinyesha, chumba kimoja tu, jua likiwaka inapotea.
Jibu: Kaka, usinunue bodi. Fuatilia waya wa chumba hicho pale unapotokea nje ya ukuta. Kuna kiungo kinachoingia maji, au skrubu zinazobana mwisho wa waya zimeshika kutu.

Mzee wa Bamburi: Kila kaskazi fundi wangu huniongezea gesi, na mwakani U0 hurudi. Ni kawaida mwanangu?
Jibu: Shikamoo mzee. Si kawaida. U0 ya Daikin ni gesi imepungua. Gesi haitumiki ikaisha kama ya kupikia, ikipungua, imevuja. Mwambie atafute kwanza kwa sabuni kwenye kila nati, na kila chumba kina zake, ndani na nje. Asipopata, apime kwa naitrojeni. Akishaziba, avute vakyumu, yaani atoe hewa yote ndani ya mabomba, na apime gesi kwa mizani kulingana na kibandiko cha mashine. Na ikiwa gesi yako ni aina ya R32, asivute sigara hapo, hiyo gesi inashika moto.

Dada wa Tudor: Shukran fundi, ilikuwa rimoti ya sebuleni. Swali jingine, naweza kuiosha ya nje mwenyewe? Chumvi imeifanya nyeupe.
Jibu: Ioshe. Zima swichi kuu, tumia maji baridi ya kisima kisicho na chumvi au ya bomba, kwa mpira wa bustani, polepole kutoka juu kwenda chini. Usitumie mashine ya kuoshea magari, itakunja mapezi ya koili na hewa haitapita. Iache ikauke kabla ya kuwasha.