Mifululizo ya Matofali Inaporejea: Mwongozo kwa Mtu Mzima wa Lubumbashi

Kila mwaka kampuni ya LEGO ya Denmark hutangaza mifululizo mipya ya matofali ya kuchezea, na mara kwa mara huirudisha ile ya zamani ambayo watu wazima wa leo waliichezea utotoni, au waliitamani kwenye katalogi bila kuipata. Mwongozo huu unamhusu mtu mzima wa Lubumbashi ambaye hawezi kulala vizuri tangazo la namna hiyo linapotoka, lakini anajua pia kwamba sanduku linalouzwa dola 100 Ulaya halifiki Lubumbashi kwa dola 100. Shauri langu, ambalo yote yafuatayo yanalitegemea, ni kwamba mfululizo unaorejea usomwe kwanza kama orodha ya vipande, na ununuzi ufuate baadaye, ikiwa bado utahitajika.

Tambua kwanza ni kurejea kwa namna gani

Si kila kinachoitwa kurejea ni kurejea kwa mfululizo. Mara nyingi kinachorudi ni seti moja kubwa, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wazima na kuwekwa kwenye sanduku jeusi lenye alama ya 18+, ambayo kampuni ilianza kuitumia mwaka 2020. Mwaka 2022, kampuni ilipotimiza miaka 90 tangu ianzishwe Billund mwaka 1932, ilitoa chombo cha anga kiitwacho Galaxy Explorer, namba 10497, chenye vipande 1,254, kwa kumbukumbu ya kile cha 1979. Mwaka huohuo ilitoa ngome kubwa ya Lion Knights' Castle, namba 10305, yenye vipande 4,514 na vijisanamu 22. Mwaka 2023 ilifuata Eldorado Fortress, namba 10320, inayorudisha ngome ya baharini ya 1989, mwaka ambao mfululizo wa maharamia ulianza. Mwaka 2025 ikatoka Blacktron Renegade, namba 10355, kwa wale waliopenda vyombo vyeusi na manjano vya miaka ya 1980.

Seti za aina hiyo husimama peke yake. Hazina ndugu watakaozifuata baada ya miezi sita, kwa hiyo kusubiri ili uone mfululizo utakavyokua ni kupoteza muda. Amua kuhusu sanduku lenyewe, ukijua kwamba litabaki madukani mwaka mmoja hadi mitatu hivi kisha liondolewe, na kwamba baada ya hapo bei yake kwa wauzaji binafsi kwa kawaida hupanda.

Kurejea kwa mfululizo mzima ni jambo jingine, na hapa nashauri subira. Bionicle ilidumu kuanzia 2001 hadi 2010, ikarudishwa 2015 kwa shangwe kubwa, kisha ikakoma tena 2016. Aliyenunua kila kitu mwezi wa kwanza na aliyesubiri wimbi la pili walifika mwisho uleule, ila wa pili alikuwa ameshajua ni vipande gani vinafaa kwa kazi zake. Namna ya tatu ni pale mandhari ya zamani inapoingizwa ndani ya mifululizo iliyopo, kama ilivyokuwa 2024 ambapo masuala ya anga za juu yalionekana katika City, Friends na Technic kwa pamoja. Hii ndiyo namna ninayoipenda zaidi kwa mtu wa mfuko mdogo, kwa sababu seti zake ni ndogo, ni nyepesi kusafirisha, na vipande vyake vinaingiliana.

Soma seti kabla ya kuitamani

Vitabu vya maelekezo vya seti nyingi vinapatikana bure kwenye tovuti ya kampuni, na mwishoni mwa kitabu cha mwisho cha seti kwa kawaida kuna picha ya kila kipande pamoja na idadi yake. Pakua kitabu cha seti unayoitaka wakati umeme upo na mtandao ni mzuri, kisha kipitie ukurasa kwa ukurasa kabla hujamtumia mtu yeyote fedha. Utaona haraka kama kinachokuvutia ni jengo zima, au ni lango tu, au ni vijisanamu wanne wenye ngao.

Watu wengi hugawanya bei kwa idadi ya vipande ili wajue kama seti ni ghali. Kwa hesabu hiyo Galaxy Explorer, iliyotoka kwa dola 99.99 Marekani, ni kama senti 8 kwa kipande, na Lion Knights' Castle, iliyotoka kwa dola 399.99, ni kama senti 9. Hesabu hiyo ina kasoro kubwa, kwani kipande kidogo chenye kinundu kimoja, yaani kile kichomozo cha juu kinachoshikana na kipande kingine, kinahesabiwa sawa na bamba pana la bawa, na seti za siku hizi zimejaa vipande vidogo mno. Afadhali ujiulize ni sehemu gani ya vipande hivyo ungeitumia tena baada ya kuibomoa seti. Ngome ina mamia ya matofali ya kijivu yanayofaa kwa ukuta wowote. Chombo cha anga kina mabawa makubwa ambayo, ukishakivunja, yanabaki kuwa mabawa.

Inafaa pia kuzijua namba. Kwenye vipande vingi namba ya muundo imechongwa ndani, kwa herufi ndogo sana: 3001 ni tofali la vinundu 2 kwa 4, 3003 ni la 2 kwa 2, 3004 ni la 1 kwa 2, na 3023 ni bamba, yaani kipande bapa, la 1 kwa 2. Ukizizoea hizi chache, orodha ya seti yoyote itasomeka kama orodha ya manunuzi ya sokoni.

Jenga mandhari kwa ulivyo navyo

Tofali lililotoka kiwandani mwaka 1958, mwaka muundo wake ulipoombewa hataza, bado linashikana na la leo. Huo ndio msingi wa njia hii, kwamba mandhari iliyorudi inaweza kujengwa kwa vipande vya miaka na mifululizo tofauti. Tovuti ya Rebrickable hukuruhusu kuandika seti na vipande ulivyo navyo, kisha hukuonyesha ni kiasi gani cha seti nyingine unaweza kukijenga tayari. Kwa kuchora kwenye kompyuta kuna Studio, programu ya bure inayotolewa na BrickLink, soko la vipande lililoanzishwa mwaka 2000 na kununuliwa na LEGO mwaka 2019.

Anayetaka seti zake za nyumbani zifanane na hizi mpya za watu wazima lazima ajifunze kujenga kwa ubavu, kwa sababu hapo ndipo tofauti kubwa kati ya ngome ya 1978 na ya 2022 ilipo. Vipimo ni hivi: kutoka katikati ya kinundu hadi katikati ya kinundu kinachofuata ni milimita 8, tofali lina kimo cha milimita 9.6, na bamba lina milimita 3.2, yaani mabamba 3 ni sawa na tofali 1. Sasa chukua mabamba 5, uyapandishe moja juu ya jingine: kimo chake ni milimita 16, sawasawa na upana wa vinundu 2. Kwa hiyo rundo la mabamba 5 likilazwa ubavu linaingia bila mwanya mahali palipoachwa kwa vinundu 2, na ukuta wako unaweza kuwa na madirisha, mapambo na mawe yaliyochomoza ambayo hayawezekani kwa kupandisha matofali tu. Fanya zoezi hilo mezani kabla ya kusoma chochote kingine; vidole vikishalielewa, maelekezo ya seti kubwa hayatakushangaza.

Jihadhari na rangi ya kijivu. Yapata mwaka 2004 kampuni ilibadilisha kijivu chake, na kile kipya kina ubuluu kidogo. Ukichanganya ukuta wa matofali ya ngome ya miaka ya 1990 na ya leo, mabaka yataonekana, hasa mchana. Wapo wanaoyachanganya kwa makusudi ili ukuta uonekane mkongwe, nami nawaunga mkono, mradi mchanganyiko uenee ukuta mzima na usiachwe kama kiraka. Upangaji wa rangi ufanywe kwa mwanga wa dirishani, kwa maana chini ya taa ya betri kijivu cheusi na cheusi chenyewe havitofautiani.

Wala si lazima ngome iwe ya Ulaya. Vipande vyeusi vya mteremko vilivyonunuliwa kwa ajili ya Blacktron vinafaa kabisa kwa kilima cheusi cha mabaki ya shaba cha kampuni ya madini ya Gécamines, na bomba la moshi lililo kando yake husimama vizuri kwa matofali ya duara ya 2 kwa 2, namba 3941, yaliyopitishiwa ufito katikati ili yasiyumbe. Mji ambao nyumba zake nyingi zimejengwa kwa matofali ya udongo wa vichuguu unastahili kujengwa kwa matofali mara ya pili.

Kununua sokoni na kwa wasafiri

Katika soko la Kenya, lililo hapa Lubumbashi, na kwa wanaofungua mizigo ya vitu vilivyotumika kutoka Ulaya, huonekana mara moja moja mfuko wa matofali yaliyochanganyika na vigari na midoli. Usichague kipande kimoja kimoja mbele ya muuzaji. Mama anayeuza atakuuliza, "Papa, mtoto ana miaka mingapi?" na ukimjibu kwamba ni vyako mwenyewe, atacheka, kisha atapandisha bei, maana ameshaiona njaa yako. Uliza bei ya mfuko mzima, ndipo ukague.

Ukaguzi ni wa macho, kucha na sikio. Tazama juu ya kinundu: tofali la LEGO lina jina hilo juu ya kila kinundu. Pitisha ukucha kwenye ukingo, kwani ukingo uliotafunwa na mtoto hausimami sawa ukutani. Unganisha matofali mawili kisha uyatenganishe; yanapaswa kushika kwa uhakika bila kukulazimu kutumia meno. Vipande vya rangi ya kahawia na nyekundu iliyoiva vya miaka ya 2000 vina sifa mbaya ya kupasuka, kwa hiyo vibonyeze taratibu na usikilize kabla ya kuvihesabu kuwa mali.

Matofali ya kampuni nyingine si haramu. Hataza ya awali ilikwisha zamani, na mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba umbo la tofali lenyewe haliwezi kusajiliwa kama alama ya biashara. Kunakili seti nzima, sanduku na michoro ni jambo tofauti: waliokuwa wakitengeneza Lepin huko China walikamatwa mwaka 2019, na kiongozi wao akahukumiwa kifungo mwaka uliofuata. Mimi huyatumia matofali ya kampuni nyingine ndani ya kuta, mahali pasipoonekana, iwapo yanashika vizuri. Kwenye kona zinazobeba uzito sithubutu.

Kwa seti mpya, Lubumbashi hutegemea wasafiri: ndugu aliyeko Ubelgiji, au mfanyabiashara anayepanda kutoka Johannesburg na kuingia kupitia Kasumbalesa. Anayekuletea usimbebeshe hewa. Mwombe afungue sanduku, atoe mifuko yenye namba bila kuipasua, akunje sanduku liwe bapa kama unalihitaji, na aweke risiti pamoja na mifuko ili aulizwapo mpakani asianze kubahatisha thamani. Lipa gharama ya usafiri kwa uzito mliokubaliana kabla, si kwa ukubwa wa furaha atakayoiona usoni mwako.

Vumbi, maji na kushirikiana

Kiangazi cha huku, kuanzia Mei hadi Septemba, huleta vumbi jekundu linaloingia hata kwenye kabati lililofungwa. Vipande visivyotumika vikae kwenye makopo ya maziwa ya unga yenye vifuniko, vikipangwa kwa umbo na si kwa rangi, kwa sababu jicho hutafuta rangi kwa urahisi ndani ya umbo moja, lakini huhangaika kutafuta umbo ndani ya rundo la rangi moja. Vinavyohitaji kuoshwa vioshwe kwa mkono, kwa maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni kidogo, kisha vianikwe kivulini. Jua kali hugeuza vyeupe na vya kijivu kuwa vya manjano, kwa hiyo rafu ya maonyesho isielekee dirisha la magharibi.

Ikiwa mnaotaka seti moja kubwa ni watu watatu, nunueni moja na mgawane, lakini gawaneni kwenye karatasi kabla haijafika. Andikeni nani anachukua vijisanamu gani, nani anachukua kuta, nani anabaki na kitabu na sanduku. Ijengeni kwanza pamoja kama ilivyoelekezwa, ipigeni picha kila upande, na iacheni nyumbani kwa mmoja wenu mwezi mzima. Inapobomolewa, kila mtu aje na makopo yake, na atakayechukua vijisanamu awalipe wenzake tofauti ya bei kwa faranga au dola siku hiyohiyo, kwa kuwa vijisanamu ndivyo vinavyouzika haraka kuliko kitu kingine chochote ndani ya sanduku.