Urojo wa watu wanane, bila kukesha jikoni

Bakuli moja la urojo, chakula cha Zanzibar cha rojo chachu la njano linalomiminwa juu ya viazi, bajia na kachori, lina vitu saba au vinane ndani yake, na hapo ndipo wengi wanapojichosha. Wanaanza kukaanga asubuhi, wageni wanaingia saa kumi na moja jioni, bajia zimeshalowa mafuta, kachori zimepoa na mwenye nyumba hana hamu hata ya kukaa na watu aliowaalika. Kumbe karibu kila kitu kinachotumbukia katika bakuli kinaweza kuandaliwa mapema au kununuliwa. Vitu viwili tu havikubali kufanyiwa mzaha: rojo lenyewe na chatini ya nazi.

Ukiwa Unguja au Dar es Salaam, bajia, kachori na chipsi za muhogo utazipata mtaani kwa wanaojua kuzikaanga. Nunua bila haya. Angalia karai kwanza. Mafuta yaliyokuwa meusi na yanayotoa povu zito kila kitu kikitumbukizwa yametumika mno, na ladha yake chungu itakufuata mpaka kwenye rojo. Angalia pia kama bajia zinatolewa kwenye chujio au zimerundikwa kwenye ndoo yenye kifuniko, maana zinazorundikwa zikiwa moto hutoka jasho na kuwa laini. Ukizifikisha nyumbani zitandaze kwenye sinia, usizifunike kwa plastiki. Mishkaki nayo waweza kumwagiza mchomaji akuletee saa ile ile ya kula.

Tuanze na rojo, kwa sababu likikataa, hakuna bajia itakayoliokoa.

Kwa watu wanane, pamoja na wale watakaoongeza, andaa maji lita 3, unga wa ngano gramu 150 (kikombe cha chai kilichojaa), maembe mabichi makubwa 2, manjano kijiko cha chai kimoja na nusu, chumvi vijiko vya chai 3 kwa kuanzia, na ndimu 4 au 5. Embe liwe bichi kweli, gumu, nyama yake nyeupe inayoelekea ukijani. Lililoanza kuwa la njano ndani lina sukari, na rojo tamu halina kazi hapa. Wengine huchanganya unga wa dengu kidogo; hunenepesha vizuri lakini huacha ladha ya dengu mbichi usipopikwa muda mrefu, kwa hiyo kama ndiyo mara yako ya kwanza, baki na ngano.

Menya maembe, kata vipande, chemsha kwa nusu lita ya maji dakika 10 hadi 15 mpaka yapondeke kwa mwiko. Yasage au yaponde, kisha pitisha kwenye chujio kama yana nyuzi. Weka pembeni.

Koroga unga kwa nusu lita nyingine ya maji ya baridi. Baridi kabisa, si ya vuguvugu. Unga ukigusa maji ya moto, chembe za nje huiva papo hapo na kufunga zile za ndani zikiwa kavu, ndipo mabonge yanapotoka. Chuja mchanganyiko huu hata kama unauona laini. Maji yaliyobaki, lita 2, yachemshe kwa manjano na chumvi, na yanapotokota mimina unga polepole kwa mkono mmoja huku wa pili ukikoroga hadi chini ya sufuria. Likianza kutokota tena punguza moto, liache wazi, lipike dakika 15 huku ukikoroga kila baada ya muda. Usikatishe dakika hizi. Rojo huwa zito mapema, ukadhani limeiva, lakini ladha ya unga mbichi bado imo na utaisikia nyuma ya ulimi.

Sasa ndipo embe linaingia, dakika 5 za mwisho. Sababu ya kulichelewesha ni kwamba uchachu ukichemka muda mrefu pamoja na unga huuvunja nguvu, na rojo lililokuwa zito linarudi kuwa maji. Ndimu zenyewe zinakamuliwa baada ya kuzima moto, kwanza mbili, onja, halafu ongeza. Ndimu iliyochemshwa hupoteza harufu yake na kuacha uchungu.

Uzito unaotakiwa ni mwepesi kuliko uji wa mgonjwa. Chovya upawa, ugeuze, pitisha kidole mgongoni mwake: mstari ubaki kidogo kisha uanze kutiririka. Mstari ukisimama kama umechorwa kwenye rangi ya ukuta, ongeza maji ya moto. Rojo likiwa jepesi mno, ponda kiazi kimoja kilichochemshwa katika upawa wa rojo na ukirudishe sufuriani. Usithubutu kunyunyizia unga mkavu. Na usilionje peke yake. Lionje na kipande cha kiazi, kwa sababu viazi na bajia hunywa chumvi. Rojo linaloonekana limekolea kidogo kupita kiasi kijikoni ndilo litakalokuwa sawa bakulini.

Kosa jingine la rangi: watu huona rojo la mtaani lina njano ya kuvutia, wakaongeza manjano vijiko vitatu, vinne. Manjano yakizidi yana uchungu na ladha ya udongo, na hakuna ndimu ya kuyafuta. Kama huna embe, ukwaju wa ukubwa wa ndimu mbili ulioloweshwa na kuchujwa utakupa uchachu, ila rojo litakuwa la kahawia. Wenzetu walioko Ulaya na Marekani hupata embe bichi kwenye maduka ya Wahindi, mara nyingi lililogandishwa kwa vipande, nalo lafaa.

Viazi, au mbatata kama uko Unguja, chemsha kilo 1 na nusu pamoja na maganda yake. Vikubwa kiasi, vya ukubwa unaolingana, ili visiive kwa kupishana. Menya vikiwa bado vya moto, kata robo tatu ya kilo kwa ajili ya bakuli, vilivyobaki ni vya kachori. Usivipikie ndani ya rojo: vitavurugika na utakuwa unapika uji wa viazi.

Mayai 8, dakika 10 tangu maji yatokote, kisha maji ya baridi. Basi.

Ukiamua kupika bajia mwenyewe, tumia kunde zilizokobolewa, gramu 400, na uziloweke usiku uliotangulia. Asubuhi zisugue kwa mikono ndani ya maji ili maganda yaliyobaki yaelee, uyamwage. Zichuje hasa, ziache kwenye chujio nusu saa. Saga na punje nne za kitunguu thomu na pilipili mbichi mbili, maji yakiwa machache kadiri mashine inavyoruhusu, na usisage hadi ikawa laini kama tope. Uparazo kidogo ndio unaofanya bajia iwe na meno.

Kisha ipige. Chukua mwiko, piga rojorojo la kunde kwa dakika 5 hivi mpaka lipauke rangi na kuwa jepesi. Dondosha tone kwenye gilasi ya maji: likielea, hewa imeingia ya kutosha, likizama, bajia zitakuwa ngumu kama kokoto, endelea kupiga. Kitunguu maji kilichokatwakatwa, kotmiri na chumvi viingie mwishoni kabisa, kabla tu ya kukaanga. Chumvi hutoa maji kwenye kitunguu, na mchanganyiko uliokaa robo saa na chumvi unakuwa wa kumwaga badala ya kuchota. Kaanga kwa mafuta ya kina, moto wa kati, kwa vijiko vya chai vilivyojaa. Kiasi hicho hutoa bajia zipatazo 40. Ncha ya kijiti cha mbao ikitoa vipovu vidogo vya haraka ndani ya mafuta, yako tayari. Mafuta yakifuka moshi, nje itaungua na ndani kubaki mbichi. Usijaze karai, bajia nyingi kwa mpigo hushusha joto, na mafuta yaliyopoa huingia ndani ya chakula badala ya kukikausha.

Kachori ni rahisi zaidi ila zina tabia ya kupasuka. Ponda vile viazi robo tatu ya kilo vikiwa vya moto, tia chumvi, ndimu moja, pilipili mbichi iliyosagwa, tangawizi na thomu kijiko cha chai kila kimoja. Finyanga viduara vya ukubwa wa ndimu. Ziache zipoe kabisa, hata saa moja kwenye friji, kisha chovya kwenye unga wa dengu gramu 150 uliokorogwa kwa maji mililita 180 na manjano kidogo. Zinazopasuka ni zile zilizochovywa zikiwa na mvuke ndani, au za viazi vilivyonyonya maji kwa kuchemshwa bila maganda. Ukiona koti linateleza na kuacha upande wazi, paka kwanza unga mkavu mkononi unapofinyanga.

Mishkaki: steki gramu 700, vipande vya sentimita 2, tangawizi, thomu, chumvi, pilipili na papai bichi lililokunwa kijiko kimoja cha kulia. Papai linalainisha nyama kwa nguvu, kwa hiyo saa moja, mbili ukizidisha. Nyama iliyolala na papai usiku kucha hugeuka uji kwenye kijiti. Vijiti viloweke nusu saa visiungue. Subiri mkaa uvae majivu ya kijivu. Ukichoma kwenye miali utapata masizi nje na damu ndani.

Chipsi za muhogo bora ununue. Ukitaka kukuna mwenyewe, hakikisha ni muhogo mtamu wa kuaminika. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi ambayo dakika mbili za mafuta haziiondoi.

Chatini ya nazi itengenezwe saa moja kabla ya kula, si zaidi. Nazi moja iliyokunwa, mbichi, ambayo haijakamuliwa tui (machicha hayana ladha iliyobaki), pilipili mbichi tatu, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, punje mbili za thomu, chumvi, juisi ya ndimu mbili. Saga kwa maji vijiko vichache mpaka iwe nzito ya kuchota. Ikilegea sana itapotea ndani ya rojo na hakuna atakayejua ulikuna nazi. Katika joto la pwani huchacha upesi: ikianza kutoa harufu ya sabuni au vipovu pembeni, mwaga. Pilipili ya kusaga iwe kwenye bakuli lake peke yake, mbali na chatini, kwa ajili ya watoto na wasiostahimili.

Ratiba ya wageni wa saa kumi na moja jioni basi huwa hivi. Usiku unaotangulia, kunde zinaloweka. Saa nne asubuhi, viazi na mayai. Baada ya adhuhuri, finyanga kachori, andaa embe na ukate nyama, ila papai lisubiri hadi ibaki saa moja au mbili kabla ya kuchoma. Saa tisa na nusu, pika rojo na ulifunike kwa moto mdogo kabisa, ndimu zisubiri mpaka utakapouzima. Litaota utando juu, ukoroge, na litaendelea kuwa zito kadiri linavyokaa, kwa hiyo weka birika la maji ya moto karibu. Saa kumi, chatini. Saa kumi na nusu, karai na jiko la mkaa. Wageni wakikaribia kukaa, kazi iliyobaki ni ya upawa.

Kupakua kunataka mtu mmoja, na ni vizuri awe yule aliyepika rojo. Ukiacha kila mtu ajipakulie, wa kwanza watakula mishkaki yote na wa mwisho watapata viazi. Mabakuli yawe ya kina, yapashwe kwa maji ya moto. Viazi chini, halafu bajia mbili tatu zilizovunjwa kwa mkono ili rojo liingie, kachori nzima au nusu, robo nne za yai, mishkaki iliyotolewa kijitini. Rojo la moto, upawa mmoja na nusu, lifunike viazi na kuacha vichwa vya bajia nje. Kijiko cha chatini katikati. Kabla ya pilipili uliza: "Nikutilie pilipili, au kidogo tu?" Mgeni mkubwa wa umri atasema kidogo, kisha atajiongezea mwenyewe, kwa hiyo bakuli la pilipili liwe karibu naye. Chipsi za muhogo ni za mwisho kabisa, bakuli likiwa tayari mkononi mwa mlaji. Zikitangulia hata dakika mbili zimeshalowa.

Asiyekula nyama hahitaji kupikiwa tofauti, kwani rojo hili halina supu wala mafuta ya mnyama, mwongezee kachori. Mwenye kujizuia na ngano, rojo lake litengeneze kwa unga wa mchele, gramu zile zile, na umwulize pia kuhusu bajia za kununua, kwa sababu wauzaji wengine huongeza ngano.

Kitakachobaki kitenganishe usiku huo huo. Rojo kwenye chombo chake friji, viazi na kachori kwenye kingine, chatini itupwe. Kesho rojo litakuwa limeganda kama jeli: lipashe kwa kikombe cha maji, likoroge litokote kweli, na ulikamulie ndimu mpya, kwa sababu uchachu wa jana hufifia. Kachori na bajia zirudishe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, zikigeuzwa.